Mandazi elfu saba

Nina daftari dogo la mistari, jalada la bluu, kona zimeshachanika. Nililinunua Jinja mwezi wa pili 2020, wiki chache tu baada ya mahafali, nikitaka kuandika humo kila kazi nitakayoomba, jina la ofisi, tarehe, na nani wa kumpigia. Kurasa mbili za mwanzo ziko hivo kweli, safi kabisa, wino wa rangi mbili. Kuanzia ukurasa wa tatu nikaanza kuandika na pesa, kwa sababu Mama ndo alikuwa anatoa na mi nilitaka kujua deni langu limefika wapi, siku nikipata nimrudishie. Sa hivi liko hapa mezani Busia, mpakani na Kenya, naandika huku nalifungua fungua.

Fotokopi, karatasi moja shilingi 200 za Uganda. Bahasha ya kaki 500. Picha za pasipoti nne, 5,000. Barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, 10,000. Taksi Jinja mpaka Kampala 10,000, kurudi 13,000 manake ilikuwa jioni na mvua inanyesha. Wakili wa kugonga muhuri kwenye nakala za vyeti, 20,000. Halafu zile fomu za utumishi wa umma, unajaza nakala tatu kwa mkono na kila nakala unaambatanisha vyeti vyote upya, hapo peke yake fotokopi ilikula 9,600 na jibu sijapata mpaka leo.

Watu wakiongea juu ya sisi tuliomaliza chuo bila kazi husema tunachagua, hatutaki kujishusha, tunangoja ofisi yenye AC. Mi nimeyasikia hayo kwenye redio, kwenye harusi, hata kanisani. Ila kitu ambacho sikisikii kikisemwa ni kwamba kule kutafuta kwenyewe kunalipiwa, na anayelipa ni nyumba ile ile isiyo na kitu, mia mbili mia mbili, miezi na miezi, na yule anayepokea bahasha pale mapokezi akaitupa juu ya rundo la bahasha nyingine hajui ndani yake kuna nini cha mtu.

Ndani ya bahasha zangu kulikuwa na mandazi ya Mama. Baba alikuwa askari, aliaga dunia nikiwa sekondari mwaka wa pili, tukatoka kambini tukapanga vyumba viwili hapo hapo karibu, Mama akaendelea kuuza chai na mandazi kwa wateja wale wale aliowazoea, maafande wanaotoka zamu ya usiku, watu wa boda, walinzi wa maduka. Andazi moja 200. Nilisoma digrii ya biashara Kampala kwa hayo mandazi na kwa pensheni ya Baba ambayo ilichelewa sana, na nilipomaliza niliamini kabisa kwamba zamu yangu ya kutoa pesa imefika.

Mahafali yalikuwa Januari 2020. Tarehe 25 mwezi wa tatu usafiri wa umma ukapigwa marufuku, tarehe 30 nchi ikafungwa, kafyu kuanzia saa moja jioni mpaka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ofisi mbili zilizokuwa zimeshanipigia simu zikanyamaza. Nilipiga, hazipokei. Mama naye wateja wakapungua nusu, tukawa tunakula mandazi yaliyobaki asubuhi na jioni.

Matangazo ya kazi sa hizi hayako gazetini peke yake, mengi yako WhatsApp, kwenye magrupu, mtu anatuma picha ya tangazo lenye ukungu na wewe unaivuta usome. Na miaka ile ili ufungue WhatsApp hapa Uganda ulikuwa unalipa kwanza kodi ya OTT, ile ya mitandao ya kijamii, 200 kwa siku, ilianza Julai 2018 ikafutwa Julai 2021, na ilipofutwa wakaweka asilimia 12 kwenye data yenyewe. Kwa hiyo kwenye daftari langu kuna ukurasa mzima wa 200, 200, 200, inashuka chini kama ngazi. Andazi moja kila siku ili tu nione kama kuna mlango umefunguliwa mahali. Siku nyingine hakukuwa na tangazo hata moja.

Nilijumlisha Oktoba 2021. Nilikuwa nimeomba mara 61. Nimeitwa intavyu mara nne. Nimetumia 1,386,500. Nikagawanya kwa 200, ikaja andazi elfu sita mia tisa na ushee, tuseme elfu saba, na hapo sijatoa unga wala mafuta wala makaa. Nilikuwa nalala chumba kimoja na Mama. Usiku ule nilimsikia anaamka saa kumi kukanda, ile sauti ya ngumi kwenye unga, nikaamka na mimi nikamkatia bila kusema neno. Akaniuliza, mbona hujalala mwanangu, nikamwambia joto.

Katika hiyo miezi kuna mambo matatu nataka niyaseme wazi kwa sababu najua kuna mtu anapitia hayo hayo leo.

La kwanza, nilifanya volontia miezi mitano katika ofisi moja, jina silitaji. Waliniambia nianze bila mshahara "upate uzoefu" na nafasi ikitokea mimi ndo wa kwanza. Nilifungua ofisi saa mbili, nikaingiza risiti kwenye kompyuta, nikaenda benki, nikafanya hesabu za mwisho wa mwezi, yaani kazi kamili ya mtu mzima. Chakula cha mchana nilipewa, nauli hapana. Mwezi wa sita aliletwa msichana mwingine wa volontia na mimi nikaambiwa asante. Nilimfundisha mwenyewe mahali faili zinapokaa. Bado inaniuma, na inaniuma kwa ajili yake pia, kwa sababu nilijua yeye naye atamfundisha wa tatu.

La pili, nililiwa pesa na matapeli. Ujumbe ulikuja kwamba nimechaguliwa na shirika la kusaidia wakimbizi kule Bidibidi, Yumbe, nembo iko, saini iko, Kiingereza kimenyooka. Nitume 150,000 za vipimo vya hospitali na sare, zitarudishwa na mshahara wa kwanza. Mama alikopa kwenye kikundi chao cha akina mama. Nilituma kwa simu saa tano asubuhi, saa tano na nusu namba haipatikani. Shirika lenyewe halikuwa na habari, jina lao lilikuwa limeibwa tu. Ukiombwa pesa ili upewe kazi hiyo sio kazi, hata kama wamekuandikia barua yenye muhuri, hata kama ni elfu kumi tu. Mimi nilijua hilo, nilishawahi kumwambia mwenzangu, na bado nilituma, kwa sababu kufikia mwezi wa kumi na nne kichwa chako kinakuwa kinatafuta sababu ya kuamini.

La tatu ni intavyu ya tatu. Iliisha vizuri, maswali yote nikajibu, kisha mkubwa wa hapo akanisindikiza mpaka ngazini, akaniambia nafasi ni yangu ila kuna mambo madogo ya kumalizia, tuonane jioni hotelini, nije peke yangu. Nilishuka zile ngazi miguu inatetemeka. Sikurudi. Sheria ya Ajira ya 2006 inakataza kabisa jambo hilo, na mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 25 anatakiwa awe na utaratibu wa kulizuia, lakini mimi sikuwa mfanyakazi wake, nilikuwa msichana mwenye bahasha, na wakati ule sikujua nimwambie nani. Nilimwambia shangazi tu.

Shangazi ndo aliyesema njoo Busia. Ni dada yake Baba, anauza vitenge upande wa Sofia, ni mtu wa maneno machache. Alisema kwenye simu: huko Kampala watakumaliza, hapa kuna malori, kuna ofisi za kuklia mizigo forodhani kila kona, wewe una hesabu na una mdomo. Nikafika Novemba 2021 na begi moja na daftari.

Hapa lazima niongee kidogo kuhusu Kiswahili. Mi nimekulia kambini, Kiswahili ndo lugha niliyochezea, ndo lugha Baba aliyonigombezea, ndo lugha ya Mama na wateja wake. Lakini chuoni Kampala niliificha. Ukiongea Kiswahili kwenye taksi watu wanakugeukia, wanakuona ama mtoto wa askari ama mwizi. Na sio uonevu wa bure, una sababu yake: Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa kwa amri mwaka 1973, na wazee wengi hasa wa upande wa kati walikisikia mdomoni mwa mtu mwenye bunduki anayewaamuru walale chini. Mama ya rafiki yangu mmoja aliniambia hivo kwa upole, mbele ya chakula chake, nikamwelewa. Kwa hiyo kwenye sivi yangu, mahali pa lugha, niliandika Kiingereza, Luganda, Lusoga. Mara 61 zote.

Busia hakuna anayejali hayo. Busia kila mtu anaongea Kiswahili, mbadilisha pesa, afisa, mama wa dagaa wa mukene, vijana wa boda (na neno boda lenyewe lilizaliwa kwenye mipaka hii, watu walipokuwa wanabebwa na baiskeli kutoka boda mpaka boda). Kwa hiyo Kiswahili peke yake kisingenipa chochote. Kilichonisaidia ni kwamba nilikuwa nacho pamoja na Excel.

Nilianza kwa kumpelekea chai kijana mmoja kwenye ofisi ya watu wanne, kampuni ndogo ya kuklia mizigo, mwenye kampuni ni mzee wa Kampala anayekuja mara mbili kwa wiki. Akaniomba nimsaidie kupanga karatasi, akanipa 5,000. Kesho yake tena. Nikawa nakwenda.

Januari 2022 ndo ule msongamano ukatokea. Serikali yetu iliamuru kila dereva wa lori anayeingia apimwe korona mpakani, dola 30 kwa kipimo, madereva wakakataa, malori yakasimama upande wa Kenya kilomita na kilomita, huku kwetu petroli ikakauka na sehemu nyingine lita moja ikafika shilingi 10,000 na zaidi. Kabla ya hapo mpaka wetu ulikuwa umezoea kwenda haraka, tangu 2018 maafisa wa nchi zote mbili wanakaa jengo moja, lori linaloingia Uganda linasimama mara moja tu huku kwetu, basi. Sasa hakuna kinachoingia. Wenye mizigo wanapiga simu kutoka Kampala wanafoka kwa Luganda na Kiingereza, lori langu liko wapi, na madereva, wengi wao Wakenya waliotoka na mizigo Mombasa, wanapiga upande wa pili wanafoka kwa Kiswahili, hatuna maji, hatuna posho, mnatusahau. Wale vijana wa ofisini waliongea Kiswahili cha sokoni tu, na Mzee ndo kabisa hajui.

Nilichukua daftari hili hili, nikaligeuza, nikaanza kutoka nyuma. Ukurasa uko hapa. Namba ya lori, jina la dereva, simu yake, namba ya kontena, sili, liko wapi sa hii, limekula nini. Ndiyo, niliandika hata limekula nini, manake dereva ambaye hajala hatakwambia ukweli kuhusu mzigo. Malori 43. Nilikuwa napiga asubuhi na jioni. "Dada mimi niko Korinda, sijasogea tangu jana." "Dada niambie ukweli, tunapita au tunarudi?" "Niko Bumala, na huyu wa mbele yangu amelala amefunga madirisha." Usiku nyumbani kwa shangazi naingiza yote kwenye Excel, asubuhi Mzee anatumiwa kwenye simu, naye anawatumia wateja wake. Siku ya nne alikuja Busia mwenyewe, akasimama mlangoni ananisikiliza naongea na dereva mmoja kama dakika kumi nzima, dereva anataka kutelekeza lori arudi kwao na mimi namsihi kwa heshima, kaka yangu vumilia, mzigo huu ni dawa za mifugo. Nilipokata simu akaniuliza, hii lugha umesomea wapi? Nikamjibu, kambini, Mzee.

Vipimo vilisimamishwa kabla mwezi haujaisha, malori yakaingia, na mimi nikabaki pale. Ila msidhani hapo ndo nilipata kazi ya kudumu. Nililipwa kwa siku, 10,000 na chakula cha mchana, siku nisipokuja hakuna kitu, nikiugua hakuna kitu. Hivo hivo miezi tisa. Watu waliniambia nishukuru. Nilishukuru, lakini nilikuwa nimeshafundishwa na ile ofisi ya volontia, sikutaka kusubiri mpaka aletwe msichana mwingine.

Nikapakua ile Sheria ya Ajira, nikaisoma usiku, polepole, kifungu kwa kifungu, na kwa kweli natamani kila anayemaliza chuo apewe nakala siku ile ile ya gauni. Ukiajiriwa, mwajiri anatakiwa akupe masharti yako kwa maandishi ndani ya wiki 12. Kipindi cha majaribio kisizidi miezi sita, na wakitaka kuongeza mingine sita lazima wewe ukubali. Na kuhusu NSSF, ule mfuko wa akiba ya wafanyakazi, zamani kampuni yenye watu chini ya watano ilikuwa hailazimishwi kuchangia, Mzee alikuwa anajua hiyo na aliniambia, sisi ni wanne tu mama. Lakini sheria ilibadilishwa Januari 2022, mwezi ule ule wa msongamano, sasa mwajiri yeyote, hata mwenye mtu mmoja. Nilimuonyesha kwenye simu. Hakukasirika. Alivaa miwani akasoma, akasema atamuuliza mhasibu wake, na mhasibu akachukua wiki nyingi mno.

Julai ile habari zikatoka kwamba Baraza la Mawaziri limepitisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni kwa lazima. Kwenye katiba kilishaingizwa tangu 2005 kama lugha rasmi ya pili, lakini nadhani wengi hawakujua. Vijana wa ofisini wakaniomba niwafundishe. Nikawafundisha, saa nane mchana, wakati malori yamepungua. Nikairudia na sivi yangu nikaongeza mstari mmoja, ingawa kwa wakati huo sikuwa naipeleka popote.

Kwenye mshahara ndo tulivutana. Uganda kima cha chini kilichopo kisheria kiliwekwa 1984, ni shilingi 6,000 kwa mwezi, mwezi mzima, yaani mandazi 30. Bunge lilipitisha mswada mpya 2019, Rais akakataa kuusaini. Kwa hiyo hakuna sakafu ya kusimamia, unasimama kwa miguu yako tu. Mzee alianza na 400,000. Nilikuwa nimeandika kwenye karatasi nilichomwokolea Januari, siku za kusubiri, wateja waliobaki badala ya kuhama, nikamwekea mezani. Sauti ilikuwa inanikauka lakini sikuiondoa ile karatasi. Tukafika 600,000.

Kontrakti inaanza tarehe 1 Novemba 2022. Miaka miwili na miezi kumi baada ya mahafali. Karatasi ya mshahara wa kwanza ninayo, imebandikwa kwa gundi ukurasa wa mwisho wa daftari: 600,000, PAYE, yaani kodi ya mshahara, 82,000, NSSF yangu asilimia 5 ni 30,000, na chini yake Mzee anaongeza asilimia 10 ambayo ni 60,000. Mkononi 488,000. Niliishika ile karatasi muda mrefu. NSSF ina namba yangu, jina langu limeandikwa sawasawa.

Krismasi nilikwenda Jinja na kontrakti yenyewe kwenye bahasha ya kaki. Mama hasomi Kiingereza, kwa hiyo tulikaa nje kwenye kibaraza, karai liko motoni, na mimi nikamsomea kwa Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa. Likizo siku 21 kwa mwaka. Akaniuliza, na wanalipa siku hizo? Nikamwambia wanalipa. Akageuza mandazi. Ukipata mtoto, siku 60 za kazi, na wanalipa. Akatikisa kichwa. Akauliza, na wakitaka kukutoa? Nikamwambia hawawezi kunifukuza hivihivi tu, lazima wanipe notisi, na nikishapitisha mwaka ni mwezi mzima. Akanyamaza kidogo, akafuta mikono kwenye kanga, akasema ngoja nipunguze moto, halafu unirudie hapo mwanzo kwenye jina lako na jina la baba yako, na usome taratibu.